Gui Pi Tang: mchemsho wa Kichina kwa aliyechoka kuwaza

Mwaka 1253, nasaba ya Song ikielekea ukingoni, tabibu Yan Yonghe wa Luling, kusini mwa China, alizikusanya dawa alizokuwa akiwatibia watu akaziandika katika kitabu kiitwacho Jisheng Fang. Mojawapo ilikuwa ya watu wa namna yake: waliowaza kupita kiasi mpaka wakaanza kusahau, na moyo ukawa unawadunda bila kukimbia wala kushtuliwa. Dawa hiyo ni Gui Pi Tang. Karibu karne nane baadaye bado inachemshwa majumbani, inauzwa kwa vidonge vidogo vyeusi na kwa unga wa chengachenga, na ni kati ya zinazotajwa mwanzo mtu akiuliza Wachina hutibu vipi usahaulifu, kukosa usingizi na akili isiyotulia kwenye kazi.

Shida ni jinsi inavyotufikia. Inafika ikiwa imekatwa kichwa na miguu: huongeza kumbukumbu, huleta usingizi, humsaidia mwanafunzi. Ukisoma hivyo unadhani ni kitu cha kumeza na akili ikanoleka. Yan Yonghe hakuandika hivyo. Alimwandikia mtu fulani, mwenye dalili zinazokwenda pamoja, na thamani yote ya mchanganyiko huu iko katika kumtambua mtu huyo kwanza. Nataka kumweleza mtu huyo hapa, kwa sababu naamini wengi wetu tunaishi naye nyumba moja.

Moyo, wengu na damu

Katika elimu ya tiba ya Kichina, moyo ndio makao ya shen. Hiyo ni fahamu, akili na utulivu wa nafsi kwa pamoja. Usiku shen hurudi moyoni ikalala, na kinachoilaza ni damu. Damu ikipungua, shen inakosa pa kutulia: mtu anapitiwa na usingizi kisha anagutuka, anaota ndoto nyingi zisizo na kichwa, na mchana anarudia ukurasa uleule mara tatu bila kitu kuingia.

Damu hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye chakula, na kazi ya kukigeuza chakula kiwe nguvu na damu ni ya wengu. Hapa msomaji anapaswa kuwa makini. Wengu wa hospitalini ni kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu, kinachochuja chembe za damu zilizochakaa na kusaidia kinga ya mwili. Wengu wa matabibu wa Kichina ni jina la kazi, yaani namna mwili unavyosaga, unavyofyonza na unavyosambaza kilicholiwa. Aliyeondolewa wengu kwa upasuaji baada ya ajali bado ana wengu kwa hesabu yao. Watu wengi huikataa tiba hii, au huikubali kwa pupa, kwa sababu ya kuchanganya mambo haya mawili.

Kila kiungo katika mpangilio huo kina hisia inayokidhuru ikizidi. Hasira ni ya ini, hofu ni ya figo, huzuni ni ya mapafu. Kuwaza, kule kulirudiarudia jambo usiku kucha bila kulipatia ufumbuzi, ni kwa wengu. Mama anayepiga hesabu ya ada na kodi ya nyumba gizani anaanza kwa kupoteza hamu ya kula. Tumbo linajaa, choo kinakuwa laini, mwili unachoka. Chakula kidogo kinazaa damu kidogo. Damu kidogo inauacha moyo mtupu, usingizi unakatika, na asubuhi mawazo yale yale yanamkuta akiwa hana nguvu ya kuyakabili. Ni mzunguko, na Gui Pi Tang imetungwa kuukata kutoka tumboni badala ya kumtia mtu usingizi kwa nguvu.

Tabibu anayeutambua mzunguko huo hutazama uso uliopauka, ulimi mweupe wenye utando mwembamba, mshipa wa mkononi unaopiga wembamba na unyonge. Huuliza kuhusu hamu ya kula, na kwa mwanamke huuliza kuhusu hedhi inayochukua siku nyingi au inayotoka mapema kuliko kawaida. Dalili hizi kwa pamoja ndizo zinazompa mtu dawa hii. Usahaulifu peke yake hautoshi.

Kilichomo kwenye sufuria

Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa na vitu vinane. Karne tatu baadaye Xue Ji, tabibu wa enzi ya Ming aliyefariki mwaka 1559, aliongeza mizizi miwili, danggui na yuanzhi, na hiyo ya vitu kumi ndiyo inayotumika leo.

Mizizi ya huangqi, baizhu na ginseng iko kwa ajili ya nguvu na usagaji wa chakula. Ginseng ni ghali, hivyo wengi huweka mzizi mwingine uitwao dangshen mahali pake. Fuling ni kuvu inayoota kwenye mizizi ya msonobari chini ya ardhi, na kwa dawa hii hupendelewa kipande kilichoota kikiukumbatia mzizi wenyewe, kinachosifiwa kwa kutuliza. Nyama iliyokaushwa ya tunda la longan, tamu sana, inahesabiwa kuwa inalisha damu. Longan ni ukoo mmoja na shokishoki la Unguja.

Sasa tufike kwenye mbegu ya usingizi. Inaitwa suanzaoren, na ni kiini cha kokwa la aina ya mkunazi wenye miiba unaoota kaskazini mwa China. Msomaji wa pwani anaujua mkunazi. Kunazi tumezila utotoni, na majani yake hutiwa kwenye maji ya kuoshea maiti. Mkunazi wetu ni ndugu wa ule wa Kichina ingawa si uleule. Kinachonigusa ni kwamba ndugu hawa wanakutana sokoni kwa njia mbaya: mbegu halisi ya suanzaoren imepanda bei sana, na mbegu ya mkunazi wa aina yetu, ambayo inaota pia Yunnan na Myanmar, huingizwa kwenye magunia kama mbadala bila mnunuzi kuambiwa. Kitabu rasmi cha dawa cha China kimeweka kiwango cha chini cha kemikali mbili, jujubosaidi A na spinosini, ambacho mbegu lazima ifikie ndipo iitwe suanzaoren. Kemikali hizo ndizo zilizochunguzwa zaidi kwa panya kuhusu usingizi. Kwa hiyo asije mtu akaponda kokwa za kunazi za nyuma ya nyumba akadhani amepata dawa ileile.

Kitu kingine ambacho si kigeni kwetu ni muxiang. Huo ni mzizi wenye harufu kali wa mmea uleule unaotoa kusti ya Hindi, ile inayouzwa na wauza dawa za Kiarabu kuanzia Mombasa hadi Muscat. Katika Gui Pi Tang kusti iko kidogo, na kazi yake ni ya busara sana. Dawa nyingine humu ni tamu na nzito, na tumbo lililochoka linaweza kuzikataa likajaa gesi. Kusti inalichangamsha tumbo ili lizipokee, kama mpishi anavyotia tangawizi kwenye maharage. Kwangu mimi hapa ndipo utaalamu wa mtungaji unapoonekana waziwazi. Mtu wa kuongeza dawa tu angeongeza za nguvu mpaka mgonjwa ashindwe kula.

Mwisho kuna gancao, yaani urukususu, wa kutuliza ladha na kuyapatanisha yote. Yan Yonghe aliagiza dawa ikatwe vipande, ichemshwe kwa kikombe kimoja na nusu cha maji pamoja na vipande vitano vya tangawizi mbichi na kunazi moja ya Kichina mpaka maji yapungue, ichujwe, inywewe ya uvuguvugu.

Asiyelala si mmoja

Watu wawili wanaweza kukosa usingizi, na tabibu mmoja wa Kichina akawapa dawa tofauti kabisa bila kujipinga. Kwa aliyepauka, mchovu, asiye na hamu ya kula, ni Gui Pi Tang. Kwa anayejilaza akiwa na hasira na joto la ndani, amechoka lakini hatulii, kuna Suan Zao Ren Tang, dawa ya vitu vitano tu ya Zhang Zhongjing, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3. Humo mbegu ya mkunazi ndiyo mkuu. Kwa usahaulifu hasa kuna Kai Xin San ya Sun Simiao, tabibu wa karne ya 7, yenye vitu vinne: ginseng, fuling, yuanzhi na shina la chini la mmea wa majini uitwao shichangpu. Na kwa mwenye kinywa kikavu, jasho la usiku na ulimi mwekundu, kuna Tian Wang Bu Xin Dan, ambayo simulizi inasema mfalme wa mbinguni alimfunulia mtawa Daoxuan alipochoka kwa kusoma maandiko usiku na mchana.

Hiyo ya mwisho inahitaji tahadhari. Kwa desturi, vidonge vyake hupakwa zhusha, jiwe jekundu lililosagwa ambalo ni sulfaidi ya zebaki. Zebaki! Watengenezaji wengi wanaouza nje ya China wameiondoa, lakini si wote, na vidonge vingine vya kutuliza nafsi navyo huwa nayo. Ukiona neno zhusha, au cinnabar, kwenye orodha ya vilivyomo, rudisha kopo. Jiwe hilo likipashwa moto linatoa mvuke wa zebaki, nao ni sumu ya mishipa ya fahamu, yaani inaharibu kilekile ambacho mtu alikwenda kukitibu.

Picha ya Yan Yonghe kwenye maabara

Tazama tena dalili za Gui Pi Tang: kupauka, kuchoka, moyo kwenda mbio, kusahau, kushindwa kutulia kwenye jambo, hedhi nyingi. Mpe muuguzi yeyote wa zahanati orodha hiyo na atakwambia: pima damu. Ni picha ya upungufu wa damu, mara nyingi kwa kukosa madini ya chuma. Nchini Tanzania hali hii inawapata zaidi ya wanawake wanne kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na sababu zake ni za kawaida kabisa: hedhi nzito, uvimbe kwenye kizazi, ujauzito unaofuatana, safura, malaria, chakula chenye chuma kidogo.

Wajapani wameliona hilo kwa uwazi. Dawa hii waliipokea karne nyingi zilizopita na wanaiita kihito. Matumizi yake yaliyoidhinishwa kule ni kwa mtu mdhaifu mwenye uso uliopauka, kwa mambo mawili: upungufu wa damu na kukosa usingizi. Daktari wa hospitali anaiandika na bima ya afya ya taifa inailipia. Wana pia toleo jingine, kamikihito, lililoongezwa vitu viwili kwa wenye fadhaa zaidi. Kimojawapo ni tunda la gardenia, na katika dawa zenye tunda hilo Wajapani wameweka onyo juu ya kuzitumia kwa miaka mingi mfululizo, kwa sababu ya madhara yaliyoonekana kwenye mishipa ya damu ya utumbo mpana.

Kwa hiyo jambo ninalolisisitiza kwa nguvu zangu zote ni hili: anayejiona katika picha ya Gui Pi Tang apime wingi wa damu kabla ya kuchemsha chochote. Ni kipimo cha kutoboa kidole, kipo hata kwenye vituo vidogo. Damu ikiwa chini, atafutiwe chanzo na apewe vidonge vya chuma. Dada aliyekuwa haelewi kitu darasani kwa kukosa chuma anaweza kurudi katika hali yake kwa dawa ya bei ndogo sana, na ninaumia nikifikiri kuwa mzazi wake angeweza kutumia akiba yote kwenye makopo ya kumbukumbu.

Je, mchemsho wenyewe unafanya kazi? Majaribio ya mitishamba ya Kichina kwa wasiolala ni mengi, na mengi yanatoa majibu mazuri. Lakini kila wanapokaa watafiti kuyapitia kwa pamoja hukuta udhaifu uleule: watu wachache, namna ya kuwagawa isiyoelezwa vizuri, na mara nyingi hakuna kundi linalopewa kitu kisicho na dawa ndani. Na ni vigumu kweli kumpa mtu mchemsho wa kughushi wenye ladha na harufu ileile. Kuna ugumu mwingine pia. Anayefuata desturi atabadilisha dawa kwa kila mgonjwa, ilhali jaribio linataka wote wapewe kitu kimoja. Kuna dalili nzuri, basi, lakini ushahidi thabiti bado haujafikiwa.

Watu hunijibu kwa kutaja malaria, na wana haki. Dawa mseto tunayomeza ina kemikali iliyotokana na artemisinini, na artemisinini ilipatikana na Tu Youyou baada ya kusoma maelezo ya Ge Hong wa karne ya 4 kuhusu kuloweka mmea wa qinghao kwenye maji na kuukamua. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Ila tazama kilichofanyika katikati. Mmea mmoja ulichujwa, kemikali moja ikatengwa, na kila mgonjwa akachunguzwa kama vimelea vimetoweka kwenye damu. Usingizi na kumbukumbu havionekani kwenye darubini, na hapa mimea ni kumi sufuriani. Ushindi wa qinghao unatupa sababu ya kuichunguza Gui Pi Tang kwa heshima. Hautupi ruhusa ya kuiuza kana kwamba imeshapimwa.

Pale ilipoharibika

Mwaka 1993 huko Colorado, Marekani, watoto watatu walilazwa baada ya kumeza vidonge vya Kichina viitwavyo Jin Bu Huan, vilivyokuwa vinauzwa kwa kutuliza maumivu na kuleta usingizi. Mapigo ya moyo yalishuka na pumzi ikafifia. Lebo ilisema vidonge vimetokana na mmea wa jenasi ya Polygala, ukoo uleule wa yuanzhi. Maabara ikakuta kemikali yenye nguvu ambayo Polygala haina kabisa. Baadaye watu wazima waliotumia vidonge hivyo walipatikana na homa ya ini.

Mwaka huohuo madaktari wa Ubelgiji walitoa taarifa juu ya wanawake wa Brussels ambao figo zao zilikufa baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene. Mzizi mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, wa jenasi ya Aristolochia, na baadhi yao walikuja kupata saratani ya njia ya mkojo. Hili linaihusu moja kwa moja dawa tunayoizungumza. Ukiacha muxiang halali, ile kusti, kulikuwa na qing muxiang, ambao ni mzizi wa Aristolochia. China iliufuta kwenye orodha ya dawa halali mwaka 2004. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha jina la kisayansi la kila mmea hafai kununuliwa dawa hii.

Hata iliyo safi ina mipaka yake. Danggui inaweza kuongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na mtu anayetumia warfarini akatokwa na damu hovyo. Urukususu ukitumika kwa muda mrefu au kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini, jambo la hatari kwa mwenye maradhi ya moyo au anayemeza vidonge vya kukojoa. Ginseng inaweza kugusa kiwango cha sukari kwa anayetibiwa kisukari. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na anayetumia dawa za usingizi au za sonona asianze bila daktari wake kujua. Na kumjulisha daktari hakuna aibu. Mpelekee kopo lenyewe aone.

Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililowekwa na sheria ya mwaka 2002, linalosajili waganga na vituo vyao, vya Kichina vikiwemo. Ukienda kwa tabibu wa Kichina, omba uone usajili. Aliyesoma kweli atakutazama ulimi, atakushika mkono kusikiliza mshipa, atakuuliza kuhusu choo na hamu ya kula, na hatakupa kopo kabla hujamaliza kujieleza.

Kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza kwa watu wazima iwe ya kubadili mwenendo na fikra, kabla ya kidonge chochote. Unaamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Unatoka kitandani ukiona usingizi haujaja, ukakae pengine mpaka uje. Unapunguza saa za kujilaza ili kitanda kizoeane na usingizi tu. Unafundishwa kuyashika yale mawazo ya usiku na kuyapa muda wao mchana. Inachukua wiki kadhaa na inachosha mwanzoni. Yan Yonghe alianzia tumboni, hawa wanaanzia kwenye mawazo yenyewe, na hakuna kinachomzuia mtu kula vizuri huku akifuata ratiba hiyo.

Usahaulifu wa mzee ni habari nyingine. Anayepotea njia aliyoizoea, anayerudia swali lilelile kila baada ya dakika chache, au aliyebadilika tabia, apelekwe akapimwe presha, sukari, tezi ya shingo na dawa anazotumia, kwani baadhi ya vyanzo hivyo vinatibika kabisa. Na ukimwona mtu amechanganyikiwa ghafla, mdomo umepinda, maneno hayatoki au mkono mmoja umelegea, huo ni uwezekano wa kiharusi: mpeleke hospitali saa hiyohiyo.